Rued Langgaard: Mtunzi wa Simfoni Aliyekosa Okestra

Mpiga litungu wa Bungoma hahitaji idhini ya mtu ili kazi yake isikike. Akikosa wa kumwalika harusini au matangani, ataketi chini ya mti nyumbani kwake, akaze nyuzi, aimbe. Na watoto wa jirani wakisogea kumsikiliza, wimbo umekwisha kuzaliwa. Mshairi naye, hata akinyimwa mchapishaji, bado anavyo vinywa vya watu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840 bila kuacha kitabu, lakini beti zake zilihifadhiwa na wenyeji hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoziandika, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha katika diwani. Mtunzi wa simfoni hana nafuu hiyo. Simfoni ni utungo mrefu wa ala nyingi, aghalabu wenye sehemu kadhaa, na wapigaji wake huweza kufika themanini, mia moja au zaidi. Wote hao hulipwa, huhitaji ukumbi, kiongozi na siku za mazoezi. Wakikataa, hakuna anayeweza kuuimba utungo ule njiani akienda sokoni. Nota hubaki karatasini, na karatasi ni bubu.

Rued Langgaard wa Denmark alitunga simfoni 16. Zaidi ya hizo alitunga mamia ya kazi nyingine: opera, nyimbo, muziki wa piano, wa fidla na wa kinanda cha kanisani. Nyingi katika kazi hizo alizisikia akilini mwake tu. Leo jina lake linajulikana katika kumbi kubwa za muziki za Ulaya, na simfoni zake zote zimerekodiwa. Lakini alipofariki mwaka 1952, wananchi wenzake wengi walimjua kama mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo, mtu mwenye vituko na malalamiko.

Langgaard alizaliwa Copenhagen tarehe 28 Julai 1893, akapewa jina la Rud Immanuel. Hakuwa na ndugu. Babake, Siegfried Langgaard, alikuwa mpiga piano aliyepata kuwa mwanafunzi wa Franz Liszt, bingwa wa piano wa karne ya 19, na mamake, Emma, alikuwa pia mpiga piano. Wazazi hawa ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza. Siegfried hakuona muziki kuwa burudani. Aliamini kwamba muziki ni njia ya roho kumfikia Mungu, na kwamba msanii ana wito unaokaribia ule wa kuhani. Mtoto aliyelelewa katika imani hiyo, tena mtoto wa pekee mwenye kipawa kilichoonekana mapema, hakuwa na nafasi kubwa ya kujidhania mtu wa kawaida. Hapana shaka malezi hayo yalimpa nguvu ya kuendelea kutunga katika upweke. Hapana shaka pia yalimnyima uwezo wa kuvumilia kukosolewa.

Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 11, alipiga kinanda mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza. Ilikuwa katika Kanisa la Frederik, ambalo wenyeji wa Copenhagen huliita Kanisa la Marumaru. Miongoni mwa waliomsikiliza siku hiyo alikuwamo Edvard Grieg, mtunzi maarufu wa Norway. Kijana akasifiwa kama muujiza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, utungo wake wa kwaya na okestra uliitwa jukwaani mjini humo, na wahakiki hawakuvutiwa. Muujiza wa kupiga kinanda waliukubali; muujiza wa kutunga waliutilia shaka. Tangu hapo wazazi wake wakaanza kuutazama mji wa Berlin.

Kila majira ya joto familia hiyo ilivuka mlangobahari kwenda pwani ya kusini-magharibi ya Uswidi, penye rasi ya miamba iitwayo Kullaberg. Kilele chake hakifiki mita 200. Msomaji aliyezoea kuutazama Mlima Elgon akiwa Kitale au Chwele, mlima wenye mita 4,321, huenda akatabasamu. Lakini Denmark ni nchi tambarare mno, na kwa kijana wa Copenhagen miamba ile iliyosimama wima juu ya mawimbi ilikuwa mlima kamili. Kuanzia mwaka 1908 hadi 1911 aliitungia simfoni yake ya kwanza, inayochukua takriban saa nzima. Sehemu zake tano humchukua msikilizaji kutoka kwenye mawimbi yanayopiga chini ya mwamba, zikampitisha penye maua ya mlimani na hekaya za kale, hadi akapanda kileleni na kufika penye ushujaa wa kuishi. Ni kazi ndefu kuliko hoja yake. Mahali pengine kijana anarudia jambo kwa kuwa tu amefurahi kulisema. Hata hivyo, ni vigumu kuisikiliza sehemu ya mwisho, shaba zote zikivuma pamoja, bila kushangaa kwamba mwandishi wake alikuwa na miaka 17.

Copenhagen haikuitaka. Berlin iliitaka. Tarehe 10 Aprili 1913 okestra ya Berliner Philharmoniker iliipiga chini ya uongozi wa Max Fiedler, mtunzi akiwa na umri wa miaka 19. Tamasha lilifaulu sana. Kwa kipimo chochote, kijana alikuwa amefika: okestra iliyokuwa mojawapo ya bora duniani ilikuwa imeipiga kazi yake, na hadhira ya mji mkuu wa muziki ilikuwa imemshangilia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kilele cha maisha yake ya hadharani kilikuwa kimekwisha kupita. Januari 1914 babake alifariki. Miezi michache baadaye vita vikuu vilizuka, na milango ya Ujerumani ikafungwa kwa mgeni asiye na jina. Simfoni ya kwanza haikupigwa nchini Denmark hata mara moja katika muda wote uliobaki wa uhai wake, yaani miaka 39.

Ni katika miaka hiyo ya vita, Denmark ikiwa haikuingia vitani, ndipo Langgaard alipoandika muziki unaomfanya akumbukwe. Simfoni ya nne, aliyoitunga mwaka 1916, aliiita kwa jina la kupukutika kwa majani. Ina sehemu moja tu isiyokatika, na ndani yake upepo, mvua, jua la ghafla na kengele za Jumapili hufuatana kama hali ya hewa katika msitu unaojiandaa kwa baridi. Kengele zile hazisikiki kama za sherehe. Zinapigwa na okestra nzima, na utungo unakatika juu yake.

Kisha ukaja Muziki wa Falaki, alioutunga kati ya 1916 na 1918. Hakuuhesabu miongoni mwa simfoni zake, ila mtu hawezi kuzieleza simfoni hizo bila kuutaja. Unahitaji okestra kubwa, kwaya, mwimbaji wa kike, na okestra nyingine ndogo inayopigwa mbali ili isikike kama kutoka ulimwengu mwingine. Mpiga piano huacha vibonye, akainamia ndani ya ala na kuzipapasa nyuzi kwa mkono. Hakuna wimbo unaoanza na kukua kama ilivyo kawaida ya muziki wa Ulaya. Badala yake mna mafungu ya sauti yanayosimama hewani, yakirudiwarudiwa, yakibadilika rangi polepole, mithili ya nyota zinazotazamwa na mtu asiye na haraka ya kuondoka. Hakuna mtu mwingine aliyeandika hivyo wakati ule. Kazi hiyo ilipigwa mjini Karlsruhe mwaka 1921, ikapigwa tena Berlin mwaka 1922, kisha ikanyamaza. Haikusikika tena mpaka mwaka 1968.

Simfoni ya sita nayo iliandikwa mwaka 1919 na 1920, ikapigwa kwanza Karlsruhe mwaka 1923. Huenda ndiyo iliyo bora kuliko zote. Inajengwa juu ya wimbo mmoja wenye sura mbili: ya kwanza ni safi, ya nyuzi peke yake, kama sala, ya pili ni ileile iliyopotoshwa, yenye giza na ukali. Kwa muda wa dakika 20 hivi sura hizo hupambana kama Kristo na Mpinga Kristo, maana ndivyo mwenyewe alivyoielewa vita hiyo, hadi mwisho ambapo tarumbeta zinaingia kwa wingi na mbingu zinapasuka. Mada hiyohiyo ya nyakati za mwisho aliipeleka katika opera yake ya pekee, Mpinga Kristo, aliyoitunga tangu 1921 hadi 1923. Jumba la Opera la Kifalme la Copenhagen liliikataa mwaka 1925. Akaiandika upya kwa miaka kadhaa, akaipeleka tena, ikakataliwa tena.

Hapa ndipo maisha ya Langgaard yanapokuwa magumu kwa mwandishi wa wasifu. Ingekuwa rahisi kusimulia habari za mwanamapinduzi aliyetangulia zama zake, akakataliwa na wahafidhina. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaujua mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Upande mmoja walisimama wanamapokeo wakitetea vina na mizani, na upande wa pili wanamabadiliko wakidai ushairi huru. Kila mshairi alitakiwa kujulikana yuko upande gani. Langgaard alikuwa pande zote mbili, tena kwa zamu. Yule aliyeandika Muziki wa Falaki akiwa na miaka 25, katikati ya miaka ya 1920 aligeuka kabisa, akarudi katika muziki wa mapenzi na hisia wa karne ya 19, mtindo wa akina Wagner na Niels Gade. Simfoni ya saba na ya nane, alizozianza kati ya 1925 na 1928, zinasikika kana kwamba karne ya 20 haijazaliwa. Alianza pia kuzirekebisha simfoni zake za ujanani, baadhi mara kadhaa, hata ya tano ikabaki na sura mbili tofauti zinazopigwa hadi leo.

Kwa nini aligeuka? Imani yake inaeleza sehemu ya jambo hili. Aliona dunia ya baada ya vita kuwa dunia iliyopoteza roho, na akaona muziki mpya kuwa dalili ya ugonjwa huo. Njia pekee aliyoiona ya kuutetea muziki kama wito mtakatifu ilikuwa kurudi ulikotoka. Lakini kuna sehemu nyingine, na hiyo ina jina la mtu.

Carl Nielsen, aliyezaliwa mwaka 1865, alikuwa nguzo ya muziki wa Denmark. Simfoni zake sita zilionyesha njia ya kuwa mtunzi wa kisasa: wazi, thabiti, bila ukungu wa mapenzi na bila moshi wa uvumba. Vijana walimfuata, walimu walimfuata, wahakiki walimpima kila mtunzi kwa kipimo chake. Alipofariki mwaka 1931, mwaka uleule ambao Mdenmark mwingine, Karen Blixen, aliliacha shamba lake la Ngong na kurudi kwao, alikuwa amekwisha kuwa mtunzi wa taifa. Katika kivuli hicho Langgaard hakuweza kuota. Kwa wafuasi wa Nielsen alikuwa mtu wa zamani. Alipokuwa mpya, walimwona mwendawazimu. Aliporudi kuwa wa zamani, walimwona mzuka. Ikumbukwe hata hivyo kwamba Langgaard hakuwa mnyonge asiye na ulimi. Aliwaandikia wakuu wa taasisi barua kali na kuwalaumu hadharani wale wale ambao bila wao simfoni zake zisingepata okestra. Redio ya taifa ilirusha baadhi ya kazi zake, naye aliona ni chache. Mtu anaweza kumhurumia bila kusadiki kila shutuma yake.

Mwaka 1926, mwaka ambao reli ilifika Kitale, mamake alifariki, na mwaka uliofuata alimwoa Constance Tetens. Hawakupata watoto. Kwa miaka mingi Langgaard aliomba kazi ya kupiga kinanda katika makanisa mbalimbali, akakataliwa mara kwa mara, ijapokuwa ni wachache nchini humo waliokipiga kinanda kama yeye. Hatimaye, mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 46, aliajiriwa katika Kanisa Kuu la Ribe, mji mkongwe na mdogo ulioko kusini-magharibi mwa Denmark, mbali kabisa na Copenhagen. Mwaka huohuo majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi.

Hapo mwanzoni Ribe ilimtuliza. Mji ule una masimulizi ya Malkia Dagmar, aliyefia humo mwaka 1212, na wimbo wake wa kale husikika hadi leo katika kengele za kanisa. Mwaka 1942 Langgaard akaandika simfoni ya tisa kumhusu malkia huyo na mji wake. Kwa kuwa sasa alikuwa na mshahara, nyumba na kinanda, huenda mtu angetarajia aendelee kwa utulivu huo hadi uzee. Badala yake, kuanzia mwaka 1944, kulitokea ndani yake mlipuko ambao wataalamu bado wanaujadili.

Simfoni ya kumi, ya 1944 na 1945, aliiita Makao ya Radi. Anarudi katika miamba ya Kullaberg aliyoitungia wimbo akiwa mtoto, lakini sasa jua halipo. Upepo ndio umeshika hatamu. Mara tu baada ya hiyo ikaja ya kumi na moja, inayobeba jina la Ixion, yule mtu wa hekaya za Kigiriki aliyefungwa na miungu kwenye gurudumu la moto linalozunguka milele. Inachukua dakika sita tu. Wimbo mmoja wa dansi, wenye furaha ya kupindukia, unazunguka, unarudi, unazunguka tena bila kwenda popote, na mbele ya okestra wameketi wapigaji wanne wa ziada wa tuba. Aliyewahi kuiona bendi ya Jeshi la Wokovu ikipita barabarani Bungoma anaijua tuba: lile tarumbeta kubwa la shaba linalokumbatiwa kifuani, likitoa sauti ya chini kabisa ambayo nyingine zote huiegemea. Katika bendi ile tuba hukaa nyuma na kufanya kazi yake kwa adabu. Langgaard amezileta mbele nne kwa mpigo, zikanguruma juu ya dansi kama wageni walioingia harusini kwa nguvu. Mtu anacheka, halafu anajiuliza kama amecheka pahala pake.

Ya kumi na mbili, ya mwaka 1946, ni ya kushangaza zaidi. Aliichukua simfoni yake ya kwanza, ile iliyoshangiliwa Berlin na kunyimwa Copenhagen, yenye urefu wa saa nzima, akaikamua mpaka ikabaki dakika saba. Sehemu zake hupita mbio, moja ikiisukuma nyingine. Kwa kipande cha mwisho aliandika maelekezo yanayosema kwamba mtunzi amepandwa na wazimu na sasa analipuka. Muziki unakatika hapo. Huo ni utani wa mtu aliyengoja miaka 33, na mwenye masikio hawezi kuusikia kama utani mtupu.

Lakini kilele cha kejeli yake hakimo katika simfoni. Mwaka 1948 alitunga kazi ya kwaya na okestra yenye mapigo 32 tu. Maneno yake yote ni tamko moja, kwamba Carl Nielsen ndiye mtunzi mkuu wa nchi yao, na maagizo kwa wapigaji ni kwamba mapigo hayo yarudiwe milele. Muziki wenyewe ni wa kishindo na fahari, kama wa sherehe ya serikali. Ni shairi la malumbano katika umbo la wimbo wa sifa, na wapenzi wa fasihi ya Kiswahili, wanaojua jinsi sifa iliyozidi kipimo inavyogeuka kuwa tusi, hawahitaji kufafanuliwa.

Katika vurugu hiyo, upole haukumtoka. Simfoni ya kumi na nne, ya 1947 na 1948, inasimulia asubuhi. Kwaya inaimba mwanzoni, kisha vinafuata vipande vifupi: mababa wanakimbilia ofisini, redio inapiga kelele kwa nguvu za kulazimishwa, waliochoka wanaamka kuukabili uhai. Kipande kimoja kinazipiga kengele za Kanisa la Marumaru, kanisa la utoto wake. Na kingine, cha nyuzi peke yake, kinazihusu nyota za alfajiri ambazo hakuna anayezitazama. Ni miongoni mwa kurasa tulivu kabisa alizopata kuandika. Kwamba nyota hizo zilikuwa yeye mwenyewe ni dhahiri, lakini haombi huruma ndani yake; anaziacha zing'ae kwa dakika chache, kisha mababa wanaanza kukimbia.

Simfoni ya kumi na tano inahusu tufani ya baharini, na ya kumi na sita, iliyokamilika mwaka 1951, ameiita Gharika ya Jua. Nyingi katika simfoni hizo za mwisho hakuwahi kuzisikia. Alifariki Ribe tarehe 10 Julai 1952, zikiwa zimebaki siku 18 atimize miaka 59.

Constance alizihifadhi hati zake hadi naye alipofariki, na leo zimo katika Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen. Hilo si jambo dogo. Mkono wa Langgaard ulikuwa mzuri na wenye uangalifu. Kurasa nyingi aliziandika upya kwa usafi kana kwamba mpiga chapa yuko mlangoni. Msomi Bendt Viinholt Nielsen, ambaye jina lake linafanana na la mpinzani kwa bahati tu, alizipanga na mwaka 1991 akatoa orodha ya kazi zaidi ya 400. Bila orodha hiyo, wapigaji wasingejua hata waanzie wapi katika msitu ule wa masahihisho.

Ufufuo wenyewe ulianzia mahali pasipotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtunzi wa Denmark, Per Nørgård, alikuwa katika jopo la waamuzi mjini Stockholm pamoja na György Ligeti, mtunzi mwenye asili ya Kihungaria aliyesifika kote Ulaya kwa muziki wa mafungu ya sauti yanayosimama hewani bila wimbo. Kazi ya Ligeti ya mwaka 1961 ilihesabiwa kuwa mlango mpya katika muziki. Nørgård akauchomeka Muziki wa Falaki miongoni mwa kazi zilizokuwa zikichunguzwa, bila kusema ni wa nani. Ligeti akafungua kurasa, akasoma, akakiri kwa mshangao kwamba kumbe yeye alikuwa mwigaji wa mtu ambaye hakuwahi kumsikia. Kurasa zile zilikuwa na umri wa nusu karne.

Tangu hapo Langgaard alisifiwa kama mtangulizi. Sifa hiyo ni ya haki, ila ina mzaha wake: wanamabadiliko walimfufua kwa sababu ya kazi ambayo mwenyewe aliipa kisogo baada ya miaka michache. Wale waliompenda kwa Muziki wa Falaki walisita mbele ya simfoni ya nane, na pengine walisita kwa haki, maana si kila kazi iliyosahauliwa ilisahauliwa kwa dhuluma. Ndiyo maana kurekodiwa kwa simfoni zote kulikuwa na uzito kuliko makala za sifa. Ilya Stupel alizirekodi akiwa na okestra ya Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Thomas Dausgaard akazirekodi upya pamoja na okestra ya redio ya Denmark kuanzia mwaka 1998 hadi 2008. Kwa mara ya kwanza msikilizaji aliweza kuzisikiliza zote 16, nzuri na dhaifu, na kujiamulia. Opera ya Mpinga Kristo ilipata jukwaa mjini Innsbruck mwaka 1999, miaka 74 baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 okestra ya Wiener Philharmoniker ilitoa rekodi ya simfoni ya pili na ya sita chini ya Sakari Oramo wa Finland.

Oramo huyohuyo aliongoza tamasha lingine Juni 2022, mjini Berlin. Okestra ya Berliner Philharmoniker iliifungua tena simfoni ya kwanza, ile ya mawimbi, maua, hekaya na kupanda mwamba, ambayo wapigaji wa okestra hiyohiyo waliifungua Aprili 1913. Ilikuwa imepita miaka 109. Safari hii palikuwa na vinasa sauti ukumbini.